Samaki wa Damu ya Maji

Barafu ina harufu. Watu hukataa, lakini mimi nashikilia kwamba ina harufu, hasa ikilala na samaki kisha ikaanza kuyeyuka. Mwezi uliopita nilipita sokoni, pale katikati ya mji, nikitafuta samaki wa mwisho wa wiki. Mwuzaji alichota barafu iliyopondwa akaimwaga juu ya meza yake, maji yakachuruzika hadi kwenye viatu vyangu vya ofisini, nami nikasimama hapo nikivuta pumzi kama mtu aliyesahau kilichomleta.

"Madam, unanunua ama unaangalia?"

"Nanusa," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, akamgeukia mteja mwingine. Sikumlaumu. Ningemwambia nini, kwamba nimesimama katikati ya soko na nimemnusa Njoroge?

Njoroge aliingia maishani mwetu kabla sijaanza shule. Mimi na Mama tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, upande ule ambao mvua ikinyesha matope huingia ndani bila kubisha hodi. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa mlangoni ili apate mwanga. Njoroge alifanya kazi kwenye ghala la samaki waliogandishwa, huko huko Ngong Road. Siku nzima aliingia na kutoka kwenye chumba cha baridi akipanga katoni, amevaa jaketi zito na gambuti, wakati sisi wengine tulikuwa juani. Jioni akifika nyumbani alinijia kwa nyuma akaniwekea mkono shingoni, nami nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mkono ule ulikuwa baridi sana. Nilikuwa nikimngojea mlangoni makusudi, nimempa mgongo, nikijifanya sijamwona.

Baba aliyenizaa sikumjua. Mama alisema alienda safari, na alivyolitamka neno hilo, nilijua si safari ya kurudi. Kwa hiyo Njoroge alipokuja nilimpokea bila masharti. Watoto wa ploti ndio walioleta maneno. Siku moja msichana mmoja aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wangu alinisimamisha kwenye bomba la maji akaniambia, "Huyo si babako. Huyo ni baba wa kambo."

Mimi nikasikia kambare. Nilimjua kambare vizuri, ingawa sijawahi kumwona. Mama alizaliwa upande wa Bungoma, na alipokumbuka kwao alikumbuka kwanza kambare wa mtoni, yule samaki mwenye ndevu, na jinsi nyanya yangu alivyompika. Nikaona jina limemfaa kabisa mtu wa ghala la samaki.

"Najua," nikamjibu yule msichana kwa majivuno. "Na wengine wa bahari pia wanauza."

Nikaenda zangu na mtungi wangu. Kwa miaka kadhaa nililibeba neno lile bila kuumia, maana nililibeba vibaya.

Mwaka niliokuwa darasa la tatu, Njoroge alileta kalenda kutoka kazini. Ilikuwa ya kampuni fulani ya nje iliyowauzia samaki, na kila mwezi ulikuwa na picha ya samaki wa bahari za baridi, na chini yake maelezo ya Kiingereza. Tuliitundika juu ya kitanda. Miezi ya kwanza samaki walikuwa wa kawaida tu, wenye magamba na macho ya mshangao. Kisha ukaja Julai, ule mwezi ambao Nairobi hufunikwa na wingu jeupe, na akina mama huchoma makaa ndani huku wakiacha mlango wazi. Picha ya Julai ilikuwa ya samaki ambaye sikudhani Mungu alimaliza kumwumba. Hakuwa na magamba. Alikuwa mweupe, na mapezi yake yalipitisha mwanga kama karatasi ya kufungia mandazi iliyoingia mafuta. Mdomo wake ulikuwa mrefu, wa mamba.

Njoroge hakusoma Kiingereza haraka. Alikiendea polepole, akiweka kidole, kisha akatupa kwa Kiswahili.

"Hii haina damu," akasema.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona. "Hakuna kitu iko hai na haina damu."

"Si mimi nimesema. Ni kalenda."

Alisoma tena. "Ngoja. Iko nayo, lakini si nyekundu. Ni kama maji."

Ndivyo nilivyofunzwa habari za samaki yule, jioni baada ya jioni, kwa sababu nilimlazimisha Njoroge arudie mpaka nikayajua maneno yake yote. Anaishi kule chini kabisa ya dunia, kwenye bahari inayozunguka barafu ya kusini, ambako maji ni baridi kuliko barafu inayoyeyuka, ila hayagandi kwa sababu ya chumvi. Sisi hubeba hewa mwilini kwa ile rangi nyekundu ya damu. Yeye hana rangi hiyo. Lakini maji ya baridi sana yamejaa hewa, na hewa ile huyeyukia tu ndani ya damu yake nyepesi, nyingine ikipenya kwenye ngozi, kwa kuwa hana magamba ya kuizuia. Moyo wake ni mkubwa kupita wa samaki wengine wa kimo chake, na husukuma damu nyingi, maana kila tone hubeba kidogo.

"Na ukiileta hapa Dago?" nikamwuliza.

"Itakufa. Maji ya joto haina hewa ya kuitosha."

"Ukiiweka kwa ile chumba ya baridi kazini?"

Alifikiri. "Hapo labda tungeelewana nayo."

Sehemu niliyoipenda zaidi ilikuwa ya mwisho. Samaki dume huchagua mahali kwenye sakafu ya bahari, akafagia na kuondoa mchanga mpaka akapata shimo la mviringo lenye vijiwe. Jike hutaga mayai humo. Dume hubaki akiyalinda, miezi mingi, maana kwenye baridi ile mayai hayana haraka.

"Anakula nini hiyo wakati yote?" Mama akauliza. Nadhani alikuwa amekuwa akisikiliza tangu mwanzo.

"Haijaandikwa."

"Basi na wa hapa wajifunze," akasema, akakata uzi kwa meno. Njoroge akacheka, nami nikacheka kwa kuwa wao walicheka.

Agosti ilipofika nilikataa kalenda isifunuliwe. Septemba pia ilikuwa Julai kwetu. Fundi wa viatu wa jirani alipokuja kuangalia tarehe aliondoka akilalamika.

Ndani ya Julai ile ndefu Mama alianza kuchoka. Alishona kidogo akaegemea mashine. Alikwenda bombani akarudi na ndoo nusu. Alinionyesha kucha zake siku moja akasema, "Tazama, zimekuwa nyeupe kama zako ukioga," akacheka, lakini hakunipa muda wa kutazama. Majirani wakasema damu imepungua. Wakaleta maini, wakaleta mboga ya terere, wakaleta kinywaji cha rangi ya zambarau walichotengeneza kwa viazisukari vyekundu, na Mama akavinywa na kuvila vyote kwa adabu. Mwishowe akalazwa hospitali.

Jioni moja Njoroge alirudi kutoka huko na pamba imegandamizwa kwa plasta kwenye mkunjo wa mkono. Jirani aliyekuwa akinipikia akamwuliza kama wamechukua damu yake.

"Wamechukua, lakini itapewa mtu mwingine," akasema. "Damu yangu haiwezi kumwingia."

Nilikuwa nimeketi kitandani chini ya kalenda, na nilielewa kila kitu. Damu ya Njoroge ilikuwa maji. Ingekosaje kuwa maji, na mtu ameishi kwenye chumba cha baridi miaka yote hiyo? Ndiyo maana mikono yake ilikuwa vile. Sikushangaa hata kidogo. Nilimwonea fahari, nikaona ni siri yetu sisi wawili na kalenda.

Na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kufikiri jambo mpaka mwisho wake, nikafikiri la Mama pia. Mama alikuwa anakosa damu nyekundu. Kuna kiumbe aliyeishi bila damu nyekundu, mradi awe kwenye baridi. Hospitali ile ilikuwa na joto, madirisha yamefungwa, watu wamejazana. Kesho yake tulipotoka kumwona, nikamshika Njoroge mkono pale barabarani.

"Mpeleke kazini kwako," nikamwambia.

"Nani?"

"Mama. Kwa ile chumba. Hatahitaji damu."

Alichuchumaa mbele yangu, watu wakitupita huku na huku. Kisha akaninunulia hindi la kuchoma, akaniambia, "Tutaona, Neke." Kwa mtoto, tutaona ni ndiyo iliyochelewa.

Siku chache baadaye nilirudi shule nikakuta chumba chetu kimejaa watu. Dada mkubwa wa Mama alikuwa amekuja kutoka Loresho, upande wa matajiri wa Nairobi. Nilimwita Mama Mkubwa, lakini nilikuwa nimemwona mara chache sana. Aliniketisha mapajani, nikapata shida maana nilikuwa mkubwa, akaniambia Mama amelala. Baadaye nilimsikia nje kwenye simu. "Ako kwa baridi," alisema. "Anakaa kwa baridi mpaka Alhamisi, ndio tumtoe twende naye nyumbani."

Sijui nielezeje furaha niliyoipata. Njoroge alikuwa amefanya nilivyomwambia. Mama yuko kwenye baridi, anapumua kwa ngozi, na Alhamisi anatoka. Kwa siku zile zote, kwenye chumba kile cha wanawake waliokuwa wakilia na kuimba nyimbo za kanisa, mimi peke yangu nilikuwa na furaha. Nilikula chapati zao. Niliwaonea huruma. "Mtoto haelewi," walinong'onezana, na mimi nikawa nasema moyoni kwamba ni wao wasioelewa. Nimewahi kuwa mpweke mara nyingi tangu hapo, lakini sijawahi tena kuwa mpweke namna ile, nikiwa nimejaa raha katikati ya watu wanaolia.

Nilimpata Njoroge nyuma ya nyumba ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Asante kwa kumpeleka kwa baridi," nikamwambia.

Alificha uso ndani ya jaketi lake la kazi. Nikamwacha, kwa sababu nilijua watu wazima wakishukuriwa huona haya.

Tulisafiri hadi Bungoma, kwa nyanya yangu, ambaye sisi wa kule humwita Kukhu. Mama alizikwa kwao, si kwa Njoroge. Asubuhi ya mazishi walifunua sanduku ili watu waage, na Njoroge akaninyanyua. Nikagusa mkono wa Mama. Ulikuwa baridi kuliko wa Njoroge jioni yoyote. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Sikuelewa kwa nini wanafunika tena, wala kwa nini wanamteremsha shimoni. Lakini jua lilikuwa limewaka tangu alfajiri, na nilipokanyaga udongo ule mwekundu uliochimbuliwa nilihisi joto lake kupitia soli za viatu. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Udongo una joto," nikamwambia Njoroge, nikimvuta suruali. "Waambie. Udongo una joto, atakufa."

Hakuwaambia. Alinibeba, akanigandamiza kichwa begani kwake ili nisione, na nilisikia moyo wake ukipiga kwa nguvu ndani ya lile shati. Nikaendelea kumwambia mpaka sauti ikaisha. Nadhani ni hapo, kati ya chepeo moja ya udongo na nyingine, nilipojua. Hakuna aliyenieleza. Nilijua tu, kama unavyojua mlango umefungwa kwa ndani.

Baada ya mazishi wazee waliketi, na mjomba wangu Wafula, kaka ya Mama, akasimama. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, na alijua hivyo.

"Huyu bwana tunamshukuru," alisema, akimwelekezea Njoroge kofia yake. "Amemtunza dada yetu. Lakini tuseme ukweli. Hajawahi kufika hapa na watu wake. Hakuna siku alikaa na sisi akasema anaomba. Kwa hivyo ni baba wa kambo tu, hata hiyo kambo yenyewe ni ya kuazima. Mtoto ni wetu. Damu ni nzito kuliko maji."

Nililisikia neno kambo kwa mara ya kwanza likiwa limesimama wima, halina ndevu wala mkia. Nikaelewa yule msichana wa bombani alikuwa amenitukana, na mimi nilimjibu upuuzi. Lakini lililonishtua zaidi ni lile la damu na maji. Kumbe hata Bungoma walijua habari za damu ya Njoroge. Nikasimama kutoka mkekani.

"Lakini wa damu ya maji ndiye hukaa," nikasema. "Ndiye hulinda mayai."

Wazee walitazamana. Mjomba Wafula akaniuliza mayai gani. Mama Mkubwa akasema mtoto amechoka, akanichukua ndani. Njoroge alikuwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi, na nilipoangalia nyuma mlangoni bado alikuwa vile vile.

Hivyo nikaenda kuishi Loresho. Mama Mkubwa hakuwa mtu mbaya, na nitakuwa mwongo nikimfanya mbaya ili hadithi yangu inoge. Alinipa chumba changu mwenyewe, chenye kitanda na taa ya pembeni. Alinihamishia shule ya Muthangari na kila asubuhi gari lilinipeleka. Kulikuwa na maji moto bombani, na zulia hadi kwenye korido. Lakini watoto wake walikuwa shule za bweni, mumewe alirudi nimelala, na ile nyumba ilikuwa kimya sana. Nyuma ya maduka tulisikia kila kitu, ugomvi wa jirani, mtoto wa nani ana kikohozi, redio ya fundi viatu. Loresho nilisikia friji ikijizima na kujiwasha. Mbwa alikuwepo, lakini hata yeye alibweka kwa ratiba.

Nililala dirisha likiwa wazi. Dada wa kazi akalifunga, nikalifungua. "Utashikwa na nimonia," aliniambia, "halafu mimi ndio nitaulizwa." Nikasubiri aende. Mchana, nyumba ikiwa tupu, nilikuwa nikifungua friza jikoni na kuutia mkono wangu kati ya mifuko ya nyama mpaka ukafa ganzi. Kisha niliutoa haraka nikauweka shingoni mwangu mwenyewe. Haikuwa sawa. Unapojua mkono unakuja, kelele haitoki.

Njoroge alikuja mara moja tu. Ilikuwa Jumamosi, na nilimwona kutoka dirisha la juu, amesimama nje ya geti na jaketi lake. Nilishuka mbio, lakini Mama Mkubwa alikuwa ameshafika, na nilisimama nyuma ya ua kusikiliza kwa sababu sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wa watu wazima nilikuwa nimeanza kuuogopa.

"Mwache azoee," alimwambia. "Ukikuja kila wiki hatazoea. Wewe bado kijana, utaoa, utapata wako. Huyu mwache atulie."

"Nilikuwa nataka tu kumsalimia."

"Nitamwambia umemsalimia."

Akasema sawa, akaondoka. Sikumwita. Nilingoja ageuke, nikaamua kwamba akigeuka nitakimbia. Hakugeuka, na Mama Mkubwa hakuniambia nimesalimiwa.

Shule ya Muthangari ilikuwa na maktaba, na kwa kuwa sikuwa na rafiki, nilikuwa na maktaba. Humo nilimpata samaki wangu tena, kwenye kitabu kikubwa cha wanyama wa nchi za barafu. Nilijifunza ambayo kalenda haikuyasema. Ndani ya damu yake kuna kitu kinachong'ang'ania punje ndogo kabisa za barafu zinapoingia mwilini, kikizizuia zisikue, ndiyo maana hagandi ingawa amezungukwa na barafu. Tena rangi nyekundu hakuiacha kwa hiari. Wazee wake wa kale walikuwa nayo, ikapotea, na ukoo ukaendelea hivyo hivyo kwa sababu baridi iliwabeba. Moyo mkubwa ulikuwa wa kufidia. Na kulikuwa na picha ya dume juu ya kiota chake, amekonda, mapezi ameyatandaza, na mayai yanaonekana chini ya tumbo kama shanga. Maelezo yalisema hata ukimkaribia haondoki.

Nilikitazama kitabu kile mapumziko baada ya mapumziko, na nikawa namkasirikia Njoroge. Yeye aliondoka. Aliambiwa neno moja getini akasema sawa. Nilimkasirikia kwa hasira ambayo nilipaswa kumkasirikia nayo Mungu, au hospitali, au Mama mwenyewe kwa kucheka zile kucha, lakini hao sikuwa na picha zao. Hofu yangu ilikuwa moja, nayo ilinilaza na kuniamsha: kwamba Mama Mkubwa alisema kweli, kwamba Njoroge ataoa, atapata wake, na mimi nitazoea.

Muhula uliofuata Kukhu aliletwa Nairobi kutibiwa macho, akakaa nasi. Alichukia zulia. Aliketi nje kwenye ngazi za jikoni, nami nikaketi naye, na hakuniuliza maswali ya shule. Ilikuwa afadhali.

Jumamosi moja Mama Mkubwa aliamka akipika. Mjomba Wafula alikuwa amefika jana yake kutoka Bungoma. Nikaambiwa nivae nguo ya kanisa na nikae jikoni. Gari dogo likaingia, wakashuka wazee wawili wenye fimbo, mwanamke mmoja mwenye kikapu cha kiondo mgongoni, na nyuma yao mtu aliyevaa suti iliyomzidi mabega. Sikumtambua mpaka alipovua kofia. Hakunitafuta kwa macho. Aliwafuata wazee wake sebuleni kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu.

Mlango wa jikoni haukufungwa vizuri, na dada wa kazi alikuwa na hamu kuliko mimi, kwa hiyo tulisikia yote. Mzee mmoja wa upande wa Njoroge alianza kwa yale maneno ya desturi, kwamba wamepita wakaona ua zuri katika boma hili, na wamekuja kuliomba.

"Mzee," Mjomba Wafula akasema taratibu, "hilo ua lilikauka. Nyinyi mnajua."

"Tunajua. Kijana wetu alikuwa hapo mkilizika."

"Basi mmekuja kuomba nini?"

Njoroge ndiye aliyejibu, ingawa nadhani si zamu yake. "Nimekuja kuoa mama Nekesa."

"Watu wanaoa walio hai," Mjomba akasema.

"Wafula, nani alikudanganya?" Hiyo ilikuwa sauti ya Kukhu. "Hata kwetu imefanyika. Mtu anamaliza mambo ya bibi yake hata kama yuko kaburini, ndio aitwe mkwe, ndio mtoto awe na nyumba. Wewe ulisema hajafika na watu wake. Si hawa? Kuna wanaume wanakimbia wanawake wazima wakiwa na meno yote. Huyu amekuja kwa mtu amekufa. Sasa unataka aje na nini ingine?"

Mjomba alikohoa. Mama Mkubwa akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto ameanza kuzoea. Walizungumza kwa muda mrefu, sauti zikipanda na kushuka, Kiswahili kikichanganyika na Kikikuyu upande huu na Kibukusu upande ule, mpaka chakula kikapoa mara mbili na dada wa kazi akakipasha mara mbili. Mwishowe kikaandaliwa, pamoja na vile walivyoleta wageni kwenye kiondo. Lakini hakuna aliyegusa.

"Bado kuna swali," Kukhu akasema. "Msichana huitwa akaulizwa. Akisema hapana, hatuli kitu ya hawa watu, wanarudi nayo."

Mzee wa upande wa Njoroge akasema hata kwao ni hivyo hivyo. Wote walikuwa wakifikiria jambo moja, nani atajibu.

"Leteni mtoto," Kukhu akasema.

Nilisimama kwenye zulia na soksi zangu nyeupe. Watu wazima wote waliinamia mbele. Kukhu alinivuta karibu, kwa sababu jicho lake moja lilikuwa bado na bandeji, akanishika mabega na kunigeuza.

"Unamwona huyu mtu?"

Nilimwona. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa magotini. Ningeweza kujibu mara moja. Sikujibu. Nilikuwa na miezi yangu ya hasira, na nilitaka naye angoje kidogo.

"Ulikuwa wapi?" nikamwuliza.

Mama Mkubwa alitaka kunikemea, Kukhu akainua mkono.

"Nilikuwa natafuta hawa wazee," Njoroge akasema. "Mmoja alikuwa amekataa, ikabidi nirudi kwake tena na tena. Mtu haendi kuomba kwa watu peke yake, Neke. Nikikuja peke yangu naambiwa niende."

Chakula kilitoa mvuke kati yetu. Kukhu akanigeuza tena nimwelekee yeye, akaniuliza kwa ile sauti ambayo baadaye nilikuja kuisikia kwenye harusi nyingi, wakiulizwa wasichana wakubwa waliovishwa leso na wanaotazama chini kwa haya. Mimi sikutazama chini.

"Sisi tunangoja wewe," alisema. "Huyu mtu unamjua? Hivi vitu vyake, tule, ama tusikule?"

"Namjua," nikasema. "Kuleni."